Aliyeimba "Ondoa Viti"

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la kutengeneza redio, kati ya ukuta wa nyumba ya bibi yangu na kibanda cha kinyozi. Katikati limeng'aa kwa kukaliwa, na tangu nipate akili sijawahi kuliona tupu mchana. Kushoto hukaa Katiba, karani wa mahakama aliyestaafu, ambaye hakuna ugomvi asioujua kifungu chake. Katikati hukaa Injini, fundi wa malori. Lori likimshinda huliacha lipumzike, naye huja kupumzika kwa niaba yake. Kulia hukaa Kinyozi, mwenye chupa ya kahawa, na kwa hiyo mwenye neno la mwisho. Duka ni la mjomba wangu. Yeye hubaki ndani nyuma ya kaunta na huchangia mazungumzo kwa kutikisa bisibisi. Mimi husimama mlangoni. Hakuna sheria iliyoandikwa inayomkataza mwanamke kukaa kwenye benchi lile, ila nikilikaribia tu, wote watatu hunenepa ghafla.

Alasiri hiyo kulikuwa na kesi. Mtangazaji mmoja wa redio anakusanya santuri za zamani za fanki, ule muziki wa kucheza wa ngoma na besi, pamoja na zile za jazi ya kinanda cha umeme ambazo watu walizitupa walipopata kaseti. Anataka kuzisafisha na kuzitoa upya, zote kwenye santuri moja kubwa, yenye jalada la maana na majina ya wote waliopiga na kuimba. Habari za santuri ya mjomba zilimfikia. Mjomba akaurekodi wimbo kwa simu, akamtumia. Mtangazaji nusura apagawe. Alisema hajapata kusikia fanki nzito kiasi kile, inayotembea kama mtu aliyebeba kabati. Kilichobaki ni jambo moja, jina la mwimbaji. Karatasi ya katikati ya santuri imeliwa na unyevu, na kinachosomeka ni jina la bendi, Taa Mbili, na jina la wimbo, "Ondoa Viti". Jalada lilikuwa linaingia kiwandani jioni ileile. Saa kumi angepiga simu, achukue jina, basi.

Kijiwe kilikuwa na jina. Nyumba yetu nayo ilikuwa na jina lake.

Bibi yangu, mama yake mjomba, alikuwa nyuma ya ukuta akikunja nguo. Amekuwa akisema miaka yote kwamba kabla hajaolewa aliimba na bendi ya Taa Mbili, na kwamba "Ondoa Viti" ni wimbo wake. Kwenye familia maneno hayo hupokelewa kama habari za jirani aliyewahi kupanda ndege: hakuna anayebisha, na hakuna anayeuliza swali la pili. Shida ni kwamba sauti iliyo kwenye santuri ni ya mwanaume, nene, ya kutoka chini ya kitovu. Na kuna shida nyingine iliyo kubwa zaidi. Siku mjomba alipoinunua santuri hiyo, ndani ya boksi la vitu vya baa iliyofungwa, aliipiga palepale dukani. Bibi akaisikiliza kupitia ukutani, kisha akasema, "Wimbo ni wangu, lakini huyo si mimi." Kijiwe kikachukua kile kipande cha pili cha maneno yake, kikakipigia muhuri.

Bibi hakuniomba nimtetee. Asubuhi ya siku hiyo aliniuliza tu kama kwenye jalada huandikwa majina yote ya mtu au la kwanza peke yake. Nikamwambia yote. Akasema, "Basi vizuri," akaendelea kukunja.

— Kikao kimefunguliwa, alisema Katiba. Fundi, hebu tupigie.

Mjomba akaitoa santuri kwenye bahasha yake. Gramafoni yake aliirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi, na aliirithi ikiwa na donge la gundi juu ya swichi ya pembeni. Hajawahi kulibandua. Alifundishwa kwamba kifaa kikiwa kinafanya kazi, fundi anakiacha na kuhangaika na kilichokufa. Santuri zake nyingine zote ni kubwa, upana wa sinia. Hii ni ndogo, sawa na sahani ya chai, na tundu lake la katikati ni pana kupita kiasi, kwa hiyo mjomba alikata kipande cha kandambili akakichomeka pale ili isiyumbe. Akashusha sindano.

Ngoma zilianza kupanda ngazi zikiwa na gunia begani. Besi ikafuata nyuma, ikapumzika, ikafuata tena. Kisha ile sauti: "Ondoaaa viiti... ondoaaa viiti..." Katiba alifumba macho. Katikati ya wimbo, kinanda cha umeme kilitoa mngurumo mmoja mrefu usiofanana na kitu chochote kilichotangulia. Hapo Katiba huinua kidole, na hata Kinyozi huacha kumimina. Baada ya mngurumo ikasikika kwikwi ya mwimbaji, nzito, ya kukatikakatika, hu, hu, hu, halafu wimbo ukaendelea kujikokota hadi mwisho.

— Mmesikia kilio hicho, alisema Katiba. Mwanaume mzima analia kwenye santuri. Mimi nimekaa mahakamani maisha yangu yote, kilio cha kweli nakijua. Huu ni wimbo wa msiba. Matanga yamekwisha, watu wametawanyika, sasa vinaondolewa viti. Baba wa watu amebaki na kiwanja kitupu. Kuna huzuni gani kupita hiyo?

— Msiba wa nani? niliuliza.

— Binti, msiba ni msiba.

— Nauliza kwa sababu mzee wangu ameleta kilio kama ushahidi, lakini maiti hajaileta.

Injini alicheka mpaka kahawa ikamwingia puani. Kinyozi akanitazama kwa huruma, macho yaleyale anayompa mteja aliyejinyoa mwenyewe nyumbani.

— Hicho chuo chenu kinawafundisha kubishana tu, alisema. Hivi ukiolewa utakuwa unamwambia mumeo alete maiti?

— Akiniambia amefiwa, nitamwuliza na nani. Nadhani ni adabu.

— Tuendelee, alisema Katiba. Mwimbaji anafahamika. Ni Tembo.

Tembo, kwa wasiomjua, yaani mimi na kila mtu aliyezaliwa karibuni, alikuwa mpanga viti kwenye ukumbi ambao Taa Mbili walikuwa wakipiga. Marehemu baba yake Kinyozi alimfahamu. Alikuwa pande la mtu. Inasemekana aliwahi kubeba friji mgongoni, mlango ukiwa wazi, na mayai yaliyokuwemo yasivunjike.

— Sasa ona, alisema Kinyozi. Mpanga viti anaimba "Ondoa Viti". Unataka nini zaidi?

— Nataka mtu aliyewahi kumsikia akiimba.

— Kifua kile, binti. Friji, mgongoni.

— Friji ni ushahidi wa mgongo, Kinyozi. Koo bado hujaligusa.

— Msomi, alisema Katiba, ukisikia sauti ya ng'ombe nyuma ya ukuta, utasema ni kuku?

— Bibi yangu yuko nyuma ya ukuta, mzee wangu. Nakuomba uchague mfano mwingine.

Ndani, mjomba aliangusha skrubu akainama kuitafuta. Aliitafuta kwa muda mrefu kuliko skrubu inavyohitaji.

Katiba hakuwa na nia mbaya, aliinamisha kichwa kuomba radhi. Lakini Injini, anayeumia kahawa ikinywewa kimya, alikuwa ameshapata wazo.

— Mimi msiba siukubali, alisema. Sikilizeni ile sauti inavyovuma. Sauti haivumi hivyo chumbani. Huyu jamaa walimrekodia ndani ya tangi la maji.

— Tangi la nini tena, Injini?

— La maji. Tupu. Walikuwa hawana mitambo wakati ule, walikuwa na akili. Unamshusha mwimbaji ndani kwa kamba, unafunika, maikrofoni inabaki kwenye tundu la juu. Ndiyo maana anaimba polepole. Hewa ni ndogo, lazima abane matumizi.

— Na wapiga ngoma nao walikuwa tangini? niliuliza.

— Walikuwa nje.

— Sasa mbona nao wako polepole?

Injini alifikiri. Ilimchukua kikombe kizima.

— Walikuwa wanamsubiri, alisema. Utamwacha vipi mtu aliye tangini?

— Tangi sikatai, alisema Kinyozi, ila mmelikosa jambo lenyewe. "Viti" maana yake vyeo. Tembo alikuwa anasema wakubwa waondolewe. Na wakubwa walijua. Mnadhani santuri hii imebaki moja kwa sababu gani? Zilikusanywa. Zilichomwa. Hiyo kwikwi si kilio. Hapo ndipo walipomvamia studio wakamkaba shingo. Sikiliza: hu, hu, hu. Mtu anakabwa huyo.

— Kisha akaendelea na ubeti wa tatu? niliuliza.

— Walimwachia amalize. Mashine ilikuwa inazunguka, ingekuwa hasara.

— Akiwa tangini, aliongeza Injini, kwa hiyo na wao waliomkaba walishuka kwa kamba.

— Mkuu wao alishuka. Wengine walishika kamba.

Katiba aligonga fimbo yake chini.

— Waheshimiwa, mnaliaibisha benchi. Hebu tumieni akili. Sauti nzito hivyo, taratibu hivyo, haiwezi kuwa ya mtu aliye hai na afya yake. Tembo alipigwa na radi, jambo hilo liko wazi, baba yake Kinyozi alisema. Swali ni lini. Mimi natoa hoja kwamba alipigwa radi mwezi mmoja kabla ya santuri kurekodiwa.

Kinyozi aliweka kikombe chini.

— Unasema aliimba akiwa marehemu? aliuliza Kinyozi.

— Sisemi hivyo. Nasema tarehe zinasema hivyo.

— Tarehe zipi? niliuliza.

— Zilizoliwa na unyevu.

Nimeshiriki midahalo ya vyuo mbele ya majaji wenye kalamu nyekundu. Nimewahi kushindwa na hoja nzuri na nimewahi kushindwa na mtu aliyevaa suti nzuri. Lakini hapo mlangoni nilielewa kwamba watu hawa wako tayari kumwimbisha maiti, ndani ya tangi, shingo ikiwa imekabwa, kabla hawajakubali kwamba mwanamke mmoja aliye hatua chache kutoka kwao anasema kweli. Nikawaambia hivyo, kwa maneno hayohayo.

— Binti, alisema Katiba kwa upole, hakuna aliyemwita bibi yako mwongo. Uzee unachanganya nyimbo. Na yeye mwenyewe alikiri. "Huyo si mimi." Maneno yake.

— Alisema maneno mengine kabla ya hayo.

— Mahakama huchukua yaliyo ya mwisho.

Nilimgeukia mjomba. Ndiye mwenye santuri, ndiye mwenye simu, ndiye mtoto wa mwenye kesi.

— Mjomba, na wewe unasema Tembo?

Alizungusha bisibisi kwenye vidole.

— Mwanangu, mama namheshimu. Lakini masikio yangu yananiambia mwanaume. Niandikishe uongo kwenye kitu kitakachobaki miaka yote, halafu watu waje wausikie wamcheke mama yangu? Bora asiandikwe kuliko achekwe. Jana mtangazaji alinibana sana, nikamtajia Tembo. Leo anathibitisha tu.

Jambo hilo nilikuwa silijui. Nikaangalia ukuta. Ukuta wa duka ni wa bati na mbao, na unapitisha hata kikohozi. Upande wa pili nguo hazikuwa zinakunjwa tena.

Hapo ndipo nilipomwona dada mmoja aliyeleta pasi itengenezwe. Alikuwa amefika wakati wa tangi, na kwa kuwa hakuna aliyesogea kumpisha, alisimama kando ya benchi na pasi yake kifuani, waya ukining'inia. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la kutembea mbali. Hakuna aliyekuwa amemwambia karibu.

— Samahani, alisema. Naweza kuuliza?

— Pasi ziko foleni, alisema Kinyozi.

— Si pasi. Huo wimbo. Mmesema ni fanki?

— Fanki nzito, alisema Katiba. Haipatikani tena.

— Sasa watu walikuwa wanauchezaje?

Katiba alitabasamu.

— Huu hauchezwi, dada. Huu unasikilizwa.

— Ndiyo, lakini bendi si ilikuwa inapiga ukumbini? Na watu walikuwa wamevaa, wamekuja na wenzao. Wimbo ukianza walikuwa wanafanya nini? Wanaweka mguu wapi?

Kinyozi aliitazama chupa ya kahawa. Mjomba aliacha kuzungusha bisibisi. Ni swali ambalo mtoto angeuliza, na nakiri kwamba hata mimi, pamoja na midahalo yangu yote, halikuwahi kunijia. Nilikuwa nimeshughulika na koo la Tembo.

— Mbona rahisi, alisema Injini akiinuka. Fundi, weka tena. Nimwonyeshe.

Sindano ikashuka. Injini akapandisha suruali, akatoa mguu wa kulia, akaushusha pamoja na ngoma ya kwanza. Kisha akatoa wa kushoto, na hapo akakwama. Mguu ukabaki hewani, ukisubiri. Ngoma ya pili haikuwa imefika. Akaushusha, akayumba, akashika nguzo. Akaanza upya kwa mabega. Mabega yakamaliza, besi ikiwa bado njiani. Mara ya tatu alijaribu kuzunguka, nusura amwangukie Katiba mapajani.

— Kaa chini, umelewa, alisema Kinyozi.

— Kahawa yako ndiyo inilevye? Injini alikuwa amekunja uso, hana utani tena. Alikuwa na sura anayokuwa nayo akiweka sikio kwenye boneti la lori. Nyamazeni, alisema. Fundi, acha iendelee.

Akasikiliza, kichwa kimeinama.

— Hiki kitu hakiko kwenye gia yake, alisema. Injini nzima inazunguka chini ya mwendo. Ngoma, besi, mwimbaji, wote sawasawa. Huu si ugonjwa wa mtu mmoja. Fundi, gramafoni yako ina gia ngapi?

Mjomba alikuwa ameinamia ile swichi ya pembeni, yenye donge la gundi juu yake, akiitazama. Halafu akaitazama santuri, udogo wake, na kile kipande cha kandambili.

— Nilipoipata ilikuwa hivi, alisema, kana kwamba kuna aliyemshtaki.

Akachukua bisibisi bapa.

— Napinga, alisema Katiba. Hicho ni kielelezo. Huwezi kuchokonoa kielelezo kesi ikiendelea.

Mjomba akachokonoa. Gundi ilitoka vipandevipande, ngumu kama ukucha. Chini yake kulikuwa na kidude cha plastiki cha kubadilishia mwendo, chenye rangi ya meno ya mzee. Mjomba akakisukuma kwa kidole gumba. Kikagoma. Akakisukuma tena, kikalia, ta.

Sahani ikaongeza mwendo. Kila mmoja aliiona kwa macho, ile karatasi iliyoliwa ikizunguka haraka hata ikaonekana nzima. Mjomba akarudisha sindano mwanzo.

Ngoma ziliingia zikikimbia. Besi ilikuwa inarukaruka kati yao kama mtu anayevuka barabara yenye madimbwi akiwa na viatu vipya, na kinanda kikawa kinaijibu kwa mkato, jibu fupi, fupi, refu. Mguu wa Injini ulitua chini wenyewe, kabla hajauruhusu. Kisha ikaja sauti. Ilikuwa ya mwanamke, ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, na yenye haraka ya mtu anayekupangia kazi huku ameshakupa kisogo: ondoa viti, ondoa viti, wa pembeni sogea, ondoa viti. Hakuna msiba duniani unaoweza kukaa kwenye mwendo ule.

Sikutazama mtu. Nilitazama sahani.

Katiba alikohoa.

— Kumbe Tembo alikuwa na sauti nyembamba, alisema.

Mlango wa nyumba ulikuwa umefunguka. Bibi alisimama kizingitini, foronya mkononi, imekunjwa nusu. Hakuonekana kushangaa. Alisikiliza kama mtu anayepitisha jicho kwenye nguo iliyorudi kutoka kwa fundi cherehani.

— Sasa huyo ndiye mimi, alisema. Rudisha nyuma kidogo. Hapo kinandani.

Mjomba akainua sindano, akairudisha. Kikaja ule mngurumo. Kwa mwendo wake halisi ulikuwa mfupi, mkali, kama kiti kinachoburutwa. Kidole cha Katiba kiliinuka kwa mazoea, kisha kikakosa pa kwenda.

— Kakosea pale, alisema bibi. Mpiga kinanda. Alikuwa na soda mkono mmoja, ikammwagikia, akaegemea kwa kiwiko. Nikamwambia turudie, akasema tepu imekwisha. Mpaka leo sijamsamehe. Ukisikiliza mbele kidogo utanisikia nacheka.

Tukasikiliza mbele kidogo. Hu, hu, hu, ambayo kijiwe kiliililia, ambayo ilikuwa kukabwa na upungufu wa hewa tangini, ilipita upesi, nyepesi. Ilikuwa kicheko cha msichana anayejitahidi asicheke. Katiba aliishusha fimbo yake ikalala chini.

— Mama, alisema mjomba. Mbona hukuniambia?

— Nilikuambia.

Mjomba alikitazama kile kidude cha plastiki. Akavifagia vipande vya gundi kutoka kwenye kaunta kwa kiganja, akabaki navyo mkononi, hajui avitupe wapi.

Simu ikalia. Ilikuwa juu ya redio iliyofunguliwa matumbo, ikatetemeka mpaka ikaanza kusogea. Mjomba alibonyeza spika.

— Fundi, habari za saa hizi, ilisema sauti ya mtangazaji. Nina haraka, watu wa kiwanda wananisubiri. Tunabaki na Tembo, siyo?

Mjomba alitazama benchi. Benchi likamtazama yeye. Kisha akamnyoshea mama yake simu, kwa mikono miwili.

— Futa huyo Tembo, alisema bibi.

— Samahani, naongea na nani?

— Na mwimbaji. Una kalamu?

Akataja jina lake. Akataja na la baba yake, na la babu yake, moja moja, akipumzika katikati kama anayepanga sahani. Kisha akamwambia asome. Mtangazaji akasoma. La katikati alilikosea, bibi akamrudisha. Akasoma tena, na safari hii bibi akatikisa kichwa kukubali, ingawa aliye upande wa pili hakuweza kuona.

— Bibi, alisema mtangazaji, sauti yake imepungua kasi, wenzangu wote hapa wanaamini huu ni wimbo wa msiba.

— Ni wimbo wa kutoa viti. Watu wakishakula wanakaa, wanavimbiwa, wanazungumza. Ukumbi ulikuwa mdogo. Sasa nani atawaondoa bila ugomvi? Bendi ilinisukuma mimi mbele. Ukisikia huo unanyanyuka, kiti chako kinapita juu ya vichwa, ngoma inaanza.

— Na ile fanki nzito aliyonitumia fundi?

— Mwanangu atakutumia nyingine. Hiyo aliipiga akiwa amekaa.

Akamrudishia mjomba simu. Mtangazaji aliendelea kuuliza mambo, mjomba akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, ni mama yangu, ndiyo, yuko hapa.

Bibi akageukia benchi. Walikuwa wamekaa wote watatu, maana Injini alikuwa amerudi taratibu mahali pake, kama mtu anayeingia darasani kwa kuchelewa.

— Siku zote hizo, aliuliza bibi, mmekaa tu? Hakuna hata mmoja aliyesimama?

Alikuwa anauliza kwa kutaka kujua kabisa. Nilimtazama Katiba, aliyenijibu kila swali la alasiri ile. Alitafuta kifungu. Kinyozi akazungusha kikombe kitupu.

— Mimi leo nimesimama, alisema Injini kwa sauti ndogo.

— Umesimama mara ngapi?

— Ndiyo hiyo moja, mama.

Bibi aliikunja ile foronya ikaisha, akaiweka kwapani.

— Haya. Wimbo umesema ondoa viti.

Mjomba alikuwa ameshairudisha sindano mwanzo. Katiba aliinuka wa kwanza, kwa kujivuta, mkono mmoja kiunoni, akisema jambo kuhusu magoti na sheria ya wastaafu. Kinyozi akafuata. Walilishika benchi huku na huku, ubao ukainuka kutoka kwenye matofali, na pale lilipokuwa pakaonekana mstari wa udongo laini ambao haujaguswa na jua. Nilidhani wangeliegemeza ukutani. Hapana, hawakuliegemeza. Injini aliwahamishia matofali hadi kivulini, upande wa kibanda cha kinyozi, wakalilaza tena huko kwa uangalifu, kama wagonjwa wanavyohamishwa. Kisha wakarudi kwenye ile nafasi tupu, wakasimama wakitazama miguu yao. Injini ndiye aliyeanza. Bibi hakucheza. Alisimama kizingitini akihesabu mdomoni mahali pa kuingia ubeti wa pili.

Benchi likabaki peke yake kivulini. Dada wa pasi alilitazama, akanitazama mimi. Kisha akaenda akakaa, katikati kabisa, pale palipong'aa, akaweka pasi mapajani na kunyoosha miguu yake yenye vumbi. Nami nikaenda nikakaa pembeni yake. Ubao ulikuwa bado na joto lao.

— Kahawa imebaki? aliuliza.

Nikaichukua chupa ya Kinyozi, nikaitikisa karibu na sikio. Ilikuwa imekwisha.